Mrejesho: Zile redio koli mbili za mtumba

Wakuu, nilikuja hapa kuuliza kama redio koli mbili za Motorola GP340 nilizonunua Kampala ni VHF (masafa ya chini) au UHF (masafa ya juu zaidi), maana za ghala letu hapa Jinja ni VHF na leseni ya UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, ni ya masafa hayo. Aliyesema "toa betri usome kibandiko", Mungu akubariki.

Ya kwanza, namba ya modeli: MDH25K... K hiyo ni megahezi 136 hadi 174, yaani VHF. Safi. Ya pili kibandiko kilikuwa kimechubuka, nikakisugua kwa kitambaa chenye spiriti, nikamulika na tochi ya simu: MDH25R... Yaani UHF, 403 hadi 470! Na antena yake ndefu kama ya mwenzake wa VHF, ndiyo iliyonidanganya. Mtu aliibadilisha tu.

Sikuamini, nikaiunganisha na kompyuta nikasoma mipangilio yake kwanza bila kubadilisha chochote. Chaneli zote za zamani zilikuwa 450 na kitu. Hapo hakuna programu ya kuifanya VHF.

Muuzaji alinuna kidogo, akanibadilishia kwa nyongeza ya shilingi 20,000. Safari hii betri niliitoa palepale dukani.