Naomba ushauri: mdogo wangu abaki Nakuru au aende Nairobi?

Wenzangu, naomba mnisaidie mawazo. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, kazi aliyojifunzia jua kali bila cheti. Asubuhi na mapema anasimama langoni mwa kiwanda kimoja hapa Nakuru. Msimamizi anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe na wewe, wengine mrudi kesho. Hata akichaguliwa ni kubeba magunia tu, ufundi wake haumo.

Mji wetu ulipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021 na majengo yanaota kila upande, lakini ajira ya kudumu kiwandani siioni. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa 2014. Siku hizi kila kijana anakimbilia boda boda, nazo zimejaa hadi wanagombania abiria.

Naambiwa mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, unampa cheti hata ambaye hakupitia chuo. Mlioufanya, waajiri wanakiheshimu kweli? Au nimtafutie nauli akajaribu eneo la viwanda Nairobi, ingawa kodi ya nyumba huko itammaliza? Mama hataki aondoke. Mimi naona anakata tamaa, na inaniuma sana. Mwenye uzoefu tafadhali anieleze, nianzie wapi?