Mdogo wangu alibadili jinsia na anatumia testosteroni: je, bado anaruhusiwa kukimbia?

Dada Mkubwa, Buruburu

Hamjambo wanajukwaa. Mdogo wangu alisajiliwa kuwa msichana alipozaliwa, na amekimbia mita 800 upande wa wanawake tangu shule ya upili hadi mashindano ya kaunti. Sasa anaishi kama mwanamume, na daktari amemwanzishia sindano za testosteroni, ambazo anaziweka chini ya kitanda ndani ya boksi la spaiksi zake, vile viatu vya mbio vyenye misumari. Baba ameacha kumpa nauli ya kwenda mazoezini Nyayo. Hakufanya hivyo kwa hasira. Alisikia redioni kwamba watu waliobadili jinsia wamepigwa marufuku, akaona ni kupoteza pesa. Mama naye hataki kuiondoa sebuleni picha ya timu ya wasichana ya kupokezana vijiti, na kila mgeni akiiulizia, mdogo wangu hutoka nje. Ningependa kujua kama kweli amefungiwa, na tumweleze vipi Baba.

Kocha Mstaafu

Dada, Baba alisikia nusu ya habari. Uamuzi uliotolewa na Shirikisho la Riadha Duniani mwezi Machi 2023 uliwazuia wanawake waliobadili jinsia baada ya kubalehe kama wanaume wasishiriki mbio za wanawake za kimataifa. Hata kipimo cha jeni ya SRY, jeni ambayo kwa kawaida huwa kwa wanaume, kilichoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2025 kabla ya Mashindano ya Dunia ya Tokyo, kinamhusu anayetaka kukimbia upande wa wanawake. Mdogo wako anataka kukimbia na wanaume, na huko hakuna aliyemfungia. Mmarekani Chris Mosier, ambaye naye alisajiliwa msichana alipozaliwa, alifuzu kuingia timu ya wanaume ya nchi yake katika duathlon, yaani mashindano ya kukimbia na baiskeli, mwaka 2015, na mwaka uliofuata akashiriki mashindano ya dunia huko Avilés, Uhispania.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo boksi la spaiksi. Testosteroni ni dawa iliyopigwa marufuku wakati wote, iwe mwanariadha yuko mashindanoni au yuko nyumbani amelala, na adhabu yake ya kawaida ni miaka minne. Kuandikiwa na daktari hakutoshi. Ni lazima aombe kibali cha kutumia dawa kwa sababu za matibabu kutoka ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa haramu michezoni, aambatishe ripoti ya daktari na matokeo ya vipimo vya damu, na ombi liwasilishwe angalau siku 30 kabla ya shindano. Asikimbie hata mbio za barabarani za mwishoni mwa wiki kabla ya kupata jibu.

Jambo jingine ambalo watu huona aibu kulitaja: mwanariadha anapotoa sampuli ya mkojo, huwapo shahidi wa jinsia yake anayemtazama moja kwa moja. Ikiwa kitambulisho kinasema mwanamke na aliyesimama pale ana ndevu, kutakuwa na mtafaruku. Awaeleze maafisa mapema, kwa maandishi, badala ya kuanza kujieleza mlangoni mwa choo.

Na tusidanganyane kuhusu muda. Dakika 2:09 inaweza kumpa mwanamke medali ya kaunti, lakini kwa wanaume huenda asivuke hata raundi ya kwanza. Homoni itamwongezea misuli na damu, haitamfanya David Rudisha, bingwa wetu wa Olimpiki wa mita 800.

Mkaazi wa Rongai

Si haya ndiyo yaliyomkuta Margaret Wambui? Mbona yeye alizuiwa?

Wakili, Ngara

Hapana, ndugu yangu, hayo ni mambo mawili tofauti. Wambui, aliyeshinda shaba ya mita 800 Rio mwaka 2016, hakubadili jinsia; alizaliwa na kulelewa msichana, na kanuni zilizomgusa zilihusu kiwango cha testosteroni ambayo mwili wenyewe unatengeneza. Kumchanganya na waliobadili jinsia ni kumwonea yeye na kuwaonea wao.

Kuhusu stakabadhi, Dada, jina linabadilishwa kwa hati ya kubadili jina (deed poll) na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Alama ya jinsia ndiyo ngumu. Mwaka 2014, Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, alilazimika kwenda Mahakama Kuu ndipo Baraza la Mitihani likaamriwa kumpa cheti kipya kisicho na alama hiyo. Anzeni na jina, kwa sababu ndilo litakaloandikwa kwenye ombi la kibali.

Mama Wawili

Mimi nina mtoto wa namna hiyo, ingawa si mwanariadha. Baba yenu ni rahisi: mpelekeeni maneno ya Kocha yakiwa yamechapishwa, maana wazee wetu huamini karatasi. Mama msimharakishe. Hiyo picha si ya kumwaibisha mtoto. Anaogopa kwamba ikiondoka, miaka aliyomwamkia alfajiri kumchemshia uji kabla ya mazoezi itahesabiwa kama haikuwapo. Mwombeni aihamishie chumbani mwake, na mtoto mwenyewe ndiye aombe, si wewe.

Dada Mkubwa, Buruburu

Asanteni sana. Nimemsomea yote, na amekubali kusitisha mbio hadi kibali kitoke, ila anauliza swali ambalo sina jibu lake: je, ripoti ya daktari wa kliniki ya kibinafsi itakubalika, au ni lazima iwe ya daktari bingwa wa homoni?

Kocha Mstaafu

Kinachopimwa ni uzito wa ripoti, si kliniki: utambuzi wa hali yake, dozi, tarehe ya kuanza na vipimo vya damu. Hata hivyo, kama mnaweza kumpata bingwa wa homoni, barua yake itapunguza maswali.