Watoto kukosa masomo wiki mbili waende kuwinda na babu yao: nikubali ao nikatae?

MamaWawili (Lubumbashi), Jumatano saa 4:12 asubuhi

Jambo yenu wote. Naomba ushauri, na tafazali mwenye kutaka kutukana apite tu, kichwa kinaniuma ya kutosha. Niko na vijana wawili, mukubwa ana miaka 13, mudogo 10. Babu yao muzaa papa yao anakaa kijijini kwenye barabara ya Kasenga, na kila mwaka mwezi wa kumi, mvua ikiwa bado kuanguka, wanaume wa ule ukoo wanaingia pori na nyavu na mbwa. Safari hii ametuma neno kwamba wajukuu wamekomaa, waende naye wiki mbili. Mzee anakaribia 80, anasema miguu yake haitamungojea mwaka mwingine. Mimi sijui nifanye nini. Masomo ndiyo kwanza yameshika moto, ukikosa wiki mbili sasa unarudi unakuta wenzako wako mbali. Papa yao yuko Kolwezi, mji wa migodi, kwa kazi, nikimpigia anasema wewe ndiwe uko nao, amua. Na wao wako hapa pembeni yangu toka asubuhi, mama tunaenda, mama tunaenda. Kuna mzazi amewahi kufanya hivi watoto wakarudi salama na masomo yakaendelea?

Kiwele_Mzee

Mama, waache waende, usisumbuke. Mimi nimezaliwa Kasenga penyewe na papa yangu alinitoa masomo wiki tatu, miaka ya sabini ile, leo wajukuu wangu wenyewe wanasoma univasite. Nitakuambia kitu kimoja. Siku ya kwanza niliwekwa nyuma ya wavu, unalala kwa tumbo, nyasi inakukata masikio, unasikia kengele za mbwa zinakuja polepole na hauruhusiwi kukohoa. Mimi nilikohoa. Nsya, yule swala mudogo wa pori, alikuwa karibu kama kutoka hapa mpaka mlangoni, akageuka akapotea. Papa hakunipiga wala hakunisemesha mpaka jioni. Mpaka leo nikiwa mahali pa watu wakubwa kifua kikiniwasha najizuia. Hiyo hakuna mwalimu alinifundisha.

DadaBukavu

Samahani mzee wangu lakini mimi siwezi kupiga makofi hapa. Mama, sisi huku Bukavu na ndugu zetu wa Goma, mwanzo wa 2025 masomo yalifungwa kwa ajili ya risasi. Mutoto wangu wa kike alikuwa anavaa inifomu asubuhi anakaa nayo sebuleni, anasoma daftari la zamani, mpaka nikamuficha ile inifomu kwa sababu nilikuwa nalia nikimuona. Halafu wewe uko Lubumbashi, masomo yako wazi, hakuna bomu, unauliza kama utoe watoto wakafukuze sungura? Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure. Watu walingojea mpaka 2019 ndiyo ile bure ianze kuonekana. Tusichezee kitu hicho.

MukongoWaErie

Habari zenu, niko Marekani, jimbo la Pennsylvania, mwaka wa saba sasa. Nataka kusema tu kwamba siyo jambo la Waafrika peke yao. Hapa Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja, shule nyingi zinafunga kwa sababu ya kuwinda paa. Kweli kabisa. Mwaka wetu wa kwanza nilimpeleka kijana wangu asubuhi nikakuta mlango umefungwa, parking tupu, nikafikiri kuna msiba. Zamani Jumatatu hiyo ndiyo msimu wa bunduki ulikuwa unafunguka, tangu 2019 wakausogeza nyuma mpaka Jumamosi, lakini shule nyingi zimeendelea kufunga Jumatatu vilevile. Ila mtoto haendi hivihivi, lazima awe na mtu mzima, avae koti la rangi ya chungwa linalowaka ili asichanganywe na mnyama, na akitaka kibali chake mwenyewe anasomea kwanza. Kwa hiyo swali langu kwa mama, huyo babu ana bunduki ao nyavu tu?

MtotoWaKatuba

Mimi swali langu ni moja, nyama itafika Lubumbashi siku gani? Bukari, ugali wetu, naweza kusonga hata sasa hivi.

MwalimuKampemba

Mama, mimi ni mwalimu, miaka 19 kwenye chaki. Sijibu kwanza, nauliza. Umeandika leo Jumatano saa nne asubuhi, na umesema watoto wako pembeni yako toka asubuhi. Saa nne ya Jumatano mtoto wa miaka 13 yuko darasani. Wanaumwa? Na huyo mukubwa yuko mwaka wa ngapi?

Kiwele_Mzee

Mwalimu ana macho.

MamaWawili, saa 8:40 mchana

Mwalimu, hiyo sikutaka kuiandika hapa. Walirudishwa nyumbani. Hii ni wiki ya pili. Trimestri hii sijalipa na kuna deni la mwaka jana, jumla dola 85 kwa wote wawili. Mukubwa wa masomo, yaani mkuu wa shule, alipita darasani na karatasi akasoma majina mbele ya wenzao, aliyesomwa anabeba begi anatoka. Mudogo kesho yake alirudi mwenyewe bila kuniambia, akasimama kwenye lango mpaka kengele ya pili, mlinzi akamwambia nenda mutoto wangu, usinitafutie maneno.

Kwa hiyo mtu akiniambia watakosa masomo, masomo gani? Wamekwisha kukosa. Mukubwa yuko mwaka wa nane. Wiki iliyopita alirudi saa kumi na mbili jioni, nywele zimejaa vumbi la mawe na kwenye mfuko yuko na franka elfu tatu. Alikwenda na vijana wa mtaa kuchagua mawe kwenye mabaki ya mgodi. Miaka 13. Mnajua kule watu wanafunikwa na udongo. Nililala macho wazi. Mzee alipotuma neno la kuwinda mimi nilishukuru Mungu, angalau huko wako na mtu wao. Na amesema nyama ikipatikana, nusu itauzwa na pesa inarudi na watoto kwa ajili ya minervali, ile ada ya shule.

Wa Erie, gobore iko, ya mzee. Lakini watoto ni wa wavu, hawaigusi.

DadaBukavu

Pole mama, hiyo ya lango imenigusa. Lakini mudogo wa miaka 10 yuko primeri, primeri ya serikali ni bure, analipa nini?

MamaWawili

Nilimutoa kwenye ya serikali mwenyewe. Walikuwa zaidi ya mia moja darasa moja, watano kwenye benchi la watatu, alikuwa anaandika juu ya goti. Niliona nitaweza kulipa. Papa yake alikuwa analipwa wakati ule.

MwalimuKampemba

Asante kwa kusema kweli. Swali la mwisho: umekwisha kuamua?

MamaWawili

Sijaamua. Nimelipa tu nafasi mbili kwenye lori la Ijumaa kwa sababu zinajaa haraka, na nikawanunulia buti za mpira soko ya Kenya, ile komini ya hapa mjini, kwa sababu ya nyoka. Na mzee nilimwambia wanakuja, mtu wa 80 huwezi kumuambia ngoja nifikiri. Lakini kuamua sijaamua, ndiyo maana niko hapa.

MtotoWaKatuba

Buti zimenunuliwa. Hiyo safari iko.

Shahidi243

Mimi nasoma toka juu nanyamaza, sasa niseme. Hii ni hadithi ya kutunga. Pori la Katanga linachomwa mwezi wa saba na wa nane, watu wanawinda nyuma ya moto, na wakati ule watoto wako likizo kubwa, hakuna masomo ya kukosa. Mwezi wa kumi ni majivu na majani machanga, huo wavu utauficha wapi? Halafu mume anafanya kazi Kolwezi na dola 85 hakuna? Kila mkiuliza anaongeza kitu cha kuumiza moyo, mara lango, mara vumbi kwenye nywele. Ngojeni. Sasa hivi atatoa namba ya simu mumutumie pesa.

DadaBukavu

Hata mimi ile ya Kolwezi nilijiuliza lakini nikaogopa kusema.

MukongoWaErie

Hmm. Mimi nilikuwa nataka kuuliza namna ya kutuma kidogo. Ngoja kwanza nisikie.

MamaWawili, saa 3:05 usiku

Wa Erie usitume kitu. Sikuomba pesa na sitaomba, na mtu akiona namba yangu hapa ajue siyo mimi.

Mume wangu ni dereva wa kampuni ndogo inayobeba mchanga, ni mwezi wa tatu hawajalipwa, anaogopa kuacha kazi kwa sababu ukiacha na mishahara unayowadai inakufa. Sasa mmejua na hiyo.

Ya moto nitakujibu, Shahidi. Nyasi ya juu, ya kwenye miti, ndiyo inachomwa mwezi wa saba. Lakini kuna dembo, lile bonde la majani ambalo maji yanakaa chini ya udongo, pale nyasi inabaki mbichi wakati kwingine kumekauka, inakauka ya mwisho. Mwezi wa kumi nyama wote wamekimbilia pale kwa sababu kwingine kumeungua. Niliolewa, mwaka wa kwanza nilikwenda, wanawake tunakaa nyuma na vikapu na maji. Mzee anaingia asubuhi umande ukiwa bado, anaokota kinyesi cha ndezi anakivunja kwa kidole, kikiwa na unyevu ndani anainua mkono na watu wote kimya, hata mbwa. Ndezi akikula matete anaacha vipande vimekatwa kimshazari, safi, utafikiri mtu amepita na kisu. Kazi ya watoto ni kutafuta vile vipande na kuziba matundu kwa majani. Nyavu zinasimamishwa upande upepo unakoelekea ili nyama asinuse watu. Wavu wa mzee una mahali pameshonwa na kamba ya bluu ya nailoni, pale funo alipopasua mwaka alipozaliwa mukubwa wangu, na hataki mtu aibadilishe ile kamba. Hiyo ya kamba ya bluu ndiyo anataka kuwaonyesha. Hawezi kuja kuwaonyesha mjini.

Kiwele_Mzee

Shahidi, vile vipande vya matete vimekatwa kimshazari, mtu hawezi kutunga akiwa kwenye kiti. Na dembo la mwezi wa kumi ndilo lenyewe. Wewe ni wa wapi?

Shahidi243

Likasi, mjini. Ya dembo sikujua. Mama unisamehe, hapa tumeibiwa sana na watu wa hadithi. Ila nibakize moja: huyo mzee asikaribie Kundelungu. Ile ni parke ya taifa toka 1970, walinzi hawaulizi umri. Na gobore bila karatasi, sheria ya uwindaji ya 1982 ipo, kijana akikutwa karibu nayo atashikwa pamoja na babu.

MamaWawili

Kijiji kiko upande wa mto Luapula, siyo upande wa mlima. Gobore nitamwambia ibaki nyumbani. Sijui kama atanisikia mimi, mke wa mtoto.

Muuguzi_Katuba

Nimetoka kazini sasa. Hakuna aliyegusa jambo la afya. Ndezi, panya, kindi, hao wote watoto watawashika na mikono. Ugonjwa wa mpox, ule wa vipele, tunao nchini, mtu wa kwanza duniani kuonekana nao alikuwa mtoto mchanga hapa hapa Congo, 1970, na mpaka leo wanyama wa jamii ya panya ndio tunawaogopa. Mnyama aliyekutwa amekufa asiguswe kabisa. Mtoto mwenye kidonda mkononi asichune. Kuchuna kufanywe na mtu mzima mwenye glavu, na sabuni ipakiwe kwenye begi kabla ya nguo. Nyama iive mpaka mfupa uachane.

MwalimuKampemba

Na mimi nijibu sasa. Mwaka wa nane unaisha na mtihani wa taifa, TENASOSP, unaomwelekeza mtoto sekondari atasoma nini. Hiyo hukuitaja pia. Wiki nne nje, yaani hizi mbili na zile mbili, kwa huyo mukubwa ni nyingi mno. Kesho usimtume mtoto na barua, nenda mwenyewe, ufike kabla watoto hawajapanga mistari, mukubwa wa masomo akiwa bado hajaanza kukasirika. Beba chochote ulicho nacho, hata dola 20, omba mpango wa kulipa kidogo kidogo, uandikwe na utiwe sahihi. Mimi nimekaa upande ule wa meza. Mzazi aliyekuja na dola 20 mkononi ni vigumu kumfukuzia mtoto. Aliyetuma barua, jina lake linasomwa.

MamaWawili, Alhamisi saa 2:30 usiku

Nilikwenda. Niliuza simu yangu ya pili nikapata dola 25. Amezipokea, ameandika karatasi, lakini kwa mtoto mmoja tu, amesema wawili na hii haiwezekani. Nikamuandikisha mukubwa. Kesho anaingia darasani.

Mudogo anakwenda na lori. Nilimpigia mzee nikamwambia ni mudogo peke yake, akanyamaza sana, halafu akasema sawa, kamba ya bluu haina ukubwa wa mtu. Gobore amekataa kujibu.

Mukubwa hajala, amegeukia ukuta. Aliniambia mama, mimi ndiye alinitaka. Sina la kumjibu, na mkiwa nalo mniandikie, lori linaondoka saa kumi na moja asubuhi na mimi silali. Mudogo amelala na buti miguuni, nimejaribu kuzivua ameamka.

Muuguzi, zile glavu, kuna za mkono wa mtoto ao ni za wakubwa tu?

Muuguzi_Katuba

Za wakubwa tu, lakini kuna saizi ndogo. Uko Ruashi ao wapi? Nina pakiti hapa nyumbani, saa kumi ninaweza kuwa kwenye kituo cha lori.