Nywele kutoka, kucha kukatika, ngozi kupauka: tupeane uzoefu, wewe ulisaidiwa na nini?

Mama Pacha
Habari za jioni wapendwa. Naanza na yangu.

Miezi mitatu baada ya kujifungua nywele zilianza kutoka mafungu mafungu. Nikichana, chanuo limejaa. Nikiamka, foronya imejaa. Shoga zangu wakasema ni kijicho, wengine wakaniletea mafuta ya nyonyo na maji ya vitunguu. Nilipaka vyote.

Kilichonipeleka hospitali si nywele, ni kuhema. Ngazi za ghorofa moja tu nilikuwa nasimama kupumzika. Muuguzi akanishika mkono, akaziangalia kucha zangu: nyembamba, zimebonyea katikati kama kijiko. Akauliza, "Mama, udongo unakula?" Nikanyamaza. Nilikuwa nakula tangu mimba, ule wa vijiti unaouzwa sokoni, na sikuacha hata baada ya kuzaa. Damu ikasoma 8, na mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 kwenda juu.

Akanielewesha kwamba nywele kutoka miezi 2 hadi 4 baada ya kujifungua huwapata wengi, na kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya mwaka. Yangu ilizidi kwa sababu mwili uliishiwa madini ya chuma. Udongo huzuia chuma kisifyonzwe, na chai niliyokuwa nashushia ugali inafanya hivyo hivyo. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikakatazwa kuvimeza kwa chai au maziwa. Nyumbani nikarudi kwenye dagaa, maharage, matembele, na maini mara moja kwa wiki. Ndimu au chungwa halikosi, maana vitamini C inasaidia chuma cha kwenye mboga na maharage kuingia mwilini. Chai nikaisogeza mpaka saa nzima baada ya kula.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Nywele hukua kama sentimita 1 tu kwa mwezi. Mwezi wa nne nikaona vinywele vifupi vimechipua pembeni mwa paji, nikalia mbele ya kioo. Karibuni na zenu.

Msusi wa Mbagala
Hongera mama. Niongeze la upande wangu: nywele za mbele zikiisha kwa kusuka, msilaumu chakula. Mteja anasema "kaza zidumu", anatoka na vipele kwenye mashina, usiku halali. Ukivuta hivyo miaka na miaka shina linakufa, na hapo hata ule maini kila siku hazirudi. Mimi siku hizi nakataa kukaza, hata mteja akinuna.

Niliyeacha mkorogo
Mimi ni ngozi. Nilijipaka mkorogo, krimu za kujichubua, miaka minne. Mwanzoni unang'aa, watu wanakusifia. Baadaye ngozi ikawa nyembamba, mishipa inaonekana, jua la saa nne likinipiga nasikia moto. Nilipoacha ghafla uso mzima ulilipuka vipele. Daktari wa ngozi akaniambia krimu ile ilikuwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe ambayo haipakwi bila daktari, na kwamba ningemwona yeye kabla ya kuacha. Nyingine zina zebaki, ambayo inadhuru figo. Ninyi mnaotumia, naomba msichukulie kama suala la urembo tu. Sasa hivi ni kofia, mtandio, na mafuta ya mgando nikitoka kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu.

Fundi Saruji
Mikono yangu ilipasuka mpaka kushika kijiko ikawa shida. Glavu, kunawa saruji mapema kabla haijakauka, mafuta usiku. Basi.

Mgeni 27
Dada Mama Pacha, udongo uliuachaje? Nina mimba ya miezi mitano, silali bila kula. Mume hajui.

Mama Pacha
Pole mdogo wangu, usione haya, tuko wengi. Mimi sikuweza kuacha kwa nguvu. Hamu ilipungua damu ilipoanza kupanda, kwangu ilikuwa kama wiki ya tatu ya vidonge. Kabla ya hapo nilikuwa natafuna karoti mbichi hamu ikija. Lakini usijitibu mwenyewe, mwambie muuguzi wa kliniki wazi kabisa kwamba unakula udongo, wakupime damu. Kwa mjamzito ikishuka chini ya 11 tayari ni upungufu. Kliniki yako ni lini?

Mgeni 27
Alhamisi dada. Nitamwambia.