Tupeane Uzoefu: Mlisomaje Anatomia na Fiziolojia Hadi Mkafaulu?

Wenzangu, naomba waliopitia masomo haya, yaani ya muundo wa mwili (anatomia) na jinsi unavyofanya kazi (fiziolojia), katika vyuo vya Kisumu, Kakamega na Nakuru watueleze walivyodurusu. Tafadhali elezeni mlichokifanya hasa, kwa kuwa shauri la kusoma kwa bidii kila mmoja wetu amekwisha kulisikia.

Muuguzi, Kisumu: Mimi nilisoma kitabu kikiwa kimefungwa. Jioni baada ya mhadhara nilichukua karatasi tupu, nikachora kwa kumbukumbu jozi 12 za neva za fuvu, yaani mishipa ya fahamu inayoungana na ubongo moja kwa moja, nikaandika kila moja inatokea wapi na inafanya kazi gani, kisha ndipo nikafungua kitabu kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba anachanganya neva ya tano, inayopeleka ubongoni hisia za uso, na ya saba, inayoendesha misuli ya uso. Na mtego ni kwamba hiyo ya tano nayo huendesha misuli ya kutafuna. Kusoma ukurasa uleule mara kwa mara humpa mtu imani asiyostahili. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani walionyesha kwamba waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka walikuwa wamewapita.

Mwanafunzi, Maseno: Nakubali kwa upande wa anatomia, ila fiziolojia inataka sababu kuliko majina. Kukariri kwamba pampu ya seli hutoa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu hakutoshi. Mhadhiri atauliza kinachotokea ikisimama. Kikundi chetu cha watu wanne kilikuwa na sharti moja: kila mtu aje na swali la “kwa nini”, na anayejibu aeleze hatua kwa hatua, kwamba sodiamu hujaa ndani, maji huifuata, na seli huvimba. Msizidi wanne au watano, maana kikundi kikubwa hugeuka baraza la porojo.

Mwanafunzi, Njoro: Nilikuwa nikisafiri kila siku kutoka Nakuru mjini, kwa hiyo nilikata vipande vya karatasi ya manila, swali mbele na jibu nyuma, nikajiuliza ndani ya matatu. Vilivyonishinda nilivirudia kesho yake, na vilivyo rahisi vikasubiri wiki.

Mwanzilishi wa mada: Ahsanteni. Je, ndugu wa Kisumu, michoro hiyo uliihifadhi?

Muuguzi, Kisumu: La, niliitupa. Makosa ya wino mwekundu niliyahamishia kwenye daftari dogo, na wiki ya mtihani nilidurusu daftari hilo, pamoja na karatasi za mitihani iliyopita ambazo nilizijibu kwa kufuata saa.