Eti "hodi, mchwa wapo?" Wakuu, leo nimedhalilishwa!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Jina simtaji, nyote mnamjua: yule mjuzi wa kila kitu ambaye hajawahi kuunda hata kigoda.

Leo nimewasha kompyuta yangu mpya. Kasha lote la mtiki. Miezi minne! Nimepiga randa mpaka alama za vidole zimefutika, nikapiga msasa namba 80, 120, 240, 400, kisha mafuta tabaka tano, kila moja nangoja ikauke. Feni mbili za milimita 120, moja inavuta hewa chini mbele, nyingine inaitoa juu nyuma, maana mbao haitoi joto kama bati, ukikosea hapo prosesa inachemka. Nikaita watu waje waone. Feni zinazunguka, kimya kabisa. Jamaa akasogea, akainama, akagonga kwa kifundo cha kidole: ngo ngo ngo. "Hodi! Mchwa wapo?"

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

MCHWA! Kwenye kiini cha mtiki, mti ambao mchwa wenyewe wanaukwepa! Tena kagonga mara tatu, nimehesabu, palepale kwenye kona ambayo nimeirudia mara saba ili mistari ya mbao ipinde bila kukatika. Hajui hata kwamba kompyuta ya Apple I ya 1976 iliuzwa bodi tupu ya saketi bila kasha, na wapo walioiundia makasha ya mbao. Nao wapigiwe hodi?

Nimejilaza hapa nasikia ngo ngo ngo.

chuma_tupu: Pole mkuu. Ila hujajibu swali. Wapo?

randa_kali: Mchwa waache. Bodi umeifunga juu ya nini? Mbao haipitishi umeme, kwa hiyo chini ya bodi ni bora kuwe na bati, na bati lishikane na boksi la pawasaplai (kifaa cha kulisha kompyuta umeme) ambalo lina waya wa ardhi. Vinginevyo unacheza.

Mleta uzi: Kuna sahani ya alumini, na imeshikana. Mbona hilo hakuuliza? Kaja kupiga hodi tu!

gundi_moto: Bora wewe umechekwa. Mimi nilibandika ubao mpana kwa gundi pande zote nne. Hewa ilipokauka ubao ukanywea, hauna pa kwenda, usiku ukapasuka katikati PAA! Nimeruka kitandani. Na aliyeniambia "paka gundi kotekote, inatosha" yumo humuhumu anasoma.

randa_kali: Ubao mpana unaachiwa nafasi ucheze. Au tumia plaiwudi, tabaka zake zimepishana, haitanuki ovyo.

gundi_moto: Plaiwudi inayomenyeka kingo ukiigusa na msumeno? Usinianze.

chuma_tupu: Kuna mtu aliazima drili yangu "dakika tano" atoboe tundu za feni. Mwaka wa pili huu. Namwona yuko hewani.

msasa_laini: Drili? Mimi jiriwa nne! Nne! Alirudisha moja, tena imeganda gundi.

gundi_moto: Hiyo gundi mbona kama naijua.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Aligonga mara TATU.

randa_kali: @msasa_laini hizo jiriwa zilikuwa ndefu au fupi?