Jamvi (zege la sakafu) limepigwa na sakitu Matamba: nivunje au niliache?

Mkulima wa Viazi
Wakuu, habari za saa hizi. Najenga stoo ya viazi mbegu huku Matamba, Makete, jirani na Kitulo. Wanaopafahamu wanajua mwezi wa sita na wa saba unavyokuwa: asubuhi unakuta nyasi nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda, utadhani zimemwagiwa chumvi.

Kuta zimefika usawa wa lenta, ile boriti ya zege ya juu ya milango na madirisha. Jumamosi tulimwaga nusu ya jamvi, mita 4 kwa 6, unene sentimita 10, halina nondo. Mixa ilichelewa, tukaanza saa 8 mchana na kumaliza saa 12 jioni. Fundi akapiga rula, tukaondoka bila kufunika kitu. Saa 1 asubuhi nikakuta jamvi gumu kama jiwe, fundi akafurahi kwamba limeshika. Jua lilipopanda likalegea! Sasa ukipitisha kidole juu unapata vumbi kama unga wa sembe, na upande wa mlango kuna michoro kama nyayo za kuku.

Nusu iliyobaki tunamwaga wiki hii, lenta itafuata. Fundi anashauri tutie chumvi kwenye maji yasigande, na usiku tuwashe majiko ya mkaa ndani tufunike kwa turubai. Naomba ushauri kabla sijapoteza saruji nyingine.

Fundi Isyesye
Pole sana mkuu. Usivunje leo. Kwenye baridi hata zege zima huwa laini siku ya tatu, kwa hiyo subiri wiki. Kisha chukua msumari wa inchi 4, kwangua kila baada ya nusu mita. Ukitoa milimita mbili tatu ukakuta pagumu, ni ngozi ya juu tu, utasugua na kupiga sakafu. Ukizama kama kwenye udongo mkavu, kipande hicho toa chote. Gonga na nyundo pia: zege zima hulia, lililokufa linaitika kwa sauti butu.

Hizo nyayo za kuku ndizo zinanitia wasiwasi. Ni alama za barafu iliyojijenga ndani ya maji ya zege lenyewe. Anzia hapo mlangoni.

Injinia wa Nyanda
Mkuu, kushika na kuganda ni vitu viwili. Zege lako asubuhi ile halikuwa limeshika, lilikuwa limeganda, ndiyo maana jua lililegeza. Maji yakiwa barafu huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9 na kusukumana na saruji ambayo bado haijashikana. Zege likiganda ndani ya saa 24 za mwanzo linaweza kupoteza hadi nusu ya nguvu yake, na kumwagilia baadaye hakuirudishi.

Unachotafuta ni zege lifike MPa 3.5 (MPa ni kipimo cha nguvu ya zege) kabla halijaganda. Likikaa kwenye nyuzi 10 hivi, hufika hapo kwa takriban siku mbili. Saruji yenyewe hutoa joto inapokutana na maji. Kazi yako ni kulizuia joto hilo lisitoroke. Tumia saruji ya daraja la 42.5, na maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, ukipunguza zaidi kama mchanga umelowa.

Chumvi usithubutu. Kwenye lenta itakula nondo, na kiasi cha kuzuia maji yasigande kitaharibu zege lenyewe.

Mbeba Zege, Minneapolis
Shikamooni wakubwa. Nafanya kazi ya zege huku Minnesota, majira ya baridi nyuzi 20 chini ya sifuri si ajabu, na bado tunamwaga. Kanuni ya kwanza: hatumwagi juu ya ardhi iliyoganda. Kaka, funika kifusi chako tangu jana yake.

Pasha maji, nyuzi 60 zinatosha. Tia kokoto, mchanga na maji kwanza, mixa izunguke, ndipo saruji iingie. Saruji ikikutana na maji ya moto sana inashika ghafla mkononi mwako. Anza saa 4 asubuhi, saa 8 uwe umemaliza. Maji yanayopanda juu huchelewa kukauka kwenye baridi; msipige mwiko yakiwa bado yanang'aa, ngozi itabanduka. Likihimili kidole tandika nailoni, juu yake nyasi kavu nene, kisha turubai. Kingo na pembe zipate maradufu, huko ndiko joto linakotorokea. Msimwagilie jioni.

Moshi wa jiko nao hugeuza uso wa zege mbichi kuwa vumbi. Sisi tunatumia vipasha joto vyenye bomba la kutoa moshi nje.

Mama Tandala
Kuhusu mkaa, naongeza moja tu: msimlaze mlinzi humo ndani ya turubai. Moshi huo unaua mtu usingizini, na asubuhi unamkuta kama amelala. Hilo jiko liacheni kabisa.

Mkulima wa Viazi
Asanteni sana wote. Mrejesho: nusu ya pili tulimwaga Alhamisi, tukamaliza saa 8 kasoro. Maji tulichemshia kwenye pipa, tukayachanganya na ya baridi. Mabua ya ngano tulitandika hadi magotini, turubai tukalikandamiza kwa matofali. Niliazima kipimajoto, saa 11 alfajiri nikakichomeka chini ya nailoni: nyuzi 11. Nje ndoo ya maji ilikuwa na ganda la barafu.

Nusu ya kwanza, msumari umezama kwenye ukanda wa mita moja hapo mlangoni, kwingine pagumu. Kesho tunavunja huo ukanda. Injinia, lenta nikishamwaga, mbao za chini na mirunda niziache siku ngapi kwa baridi hii?

Injinia wa Nyanda
Mbao za pembeni siku 4. Za chini pamoja na mirunda usiguse kabla ya siku 21, na usiku wote wa wiki ya kwanza lenta ifunikwe juu na ubavuni.